Nati Nyuma ya Dari

Kanisa letu liko Mbezi, upande wa bondeni ukitoka kituo kikuu cha mabasi ya mikoani pale Mbezi Luis, mahali ambapo barabara ya vumbi hugeuka matope kila masika. Kwa muda mrefu kwaya iliimba ikiwa imekaa kwenye mabenchi ya pembeni, hadi kamati ya ujenzi ilipoamua ijengwe roshani ya mbao nyuma ya kanisa, juu ya mlango mkubwa, ili sauti iwashukie waumini kutoka juu. Uamuzi ulikuwa mzuri. Aliyepewa kazi alikuwa mkwe wangu, mume wa binti yangu wa pekee, mwenye karakana yake Keko. Na binti yangu huimba katika kwaya hiyo, sauti ya pili, mstari wa mbele, palepale kwenye ukingo wa roshani. Naeleza haya mapema ili asiwepo atakayedhani kwamba niliingilia jambo lisilonihusu.

Nilifundisha useremala na uchoraji wa kiufundi maisha yangu yote ya kazi. Nikiwa kijana nilipelekwa kusoma Japani, na sehemu ya masomo yale ilikuwa kufanya kazi katika karakana ya maseremala wanaokarabati majengo ya kale. Huku kwetu kila anayejua habari hiyo huniambia, kana kwamba ananifundisha, kuwa Wajapani hawatumii msumari hata mmoja. Huwa namuuliza ameliona wapi jambo hilo. Jibu ni moja siku zote: amesikia. Mimi niliona. Tuling'oa sakafu ya hekalu na kutoa humo misumari iliyofuliwa kwa mkono, yenye pembe nne, tukaisafisha na kuiweka ndani ya kopo ili irudishwe mahali pake. Niliona pia nyumba mpya zilizofungwa vyuma kila kona kwa ajili ya matetemeko ya ardhi. Kwa hiyo hadithi ya kutotumia msumari kabisa ni hadithi tu.

Lakini ni kweli kwamba mahali penye uzito, pale nguzo inapobeba boriti, maseremala wale hawakuuachia msumari kazi hiyo. Mwisho wa boriti ulichongwa ulimi, nguzo ikatobolewa tundu, ulimi ukaingia tunduni, kisha kabari ya mti mgumu ikapigwa ikapita katikati ya vyote viwili mpaka mbao zikakumbatiana. Uzito ulikaa juu ya mti, si juu ya kitu kilichoshikilia mti. Nguzo iliyooza mguu haikutupwa. Mguu mbovu ulikatwa, mpya ukaungwa kwa kiungo chenye meno, kabari ikapigwa, na jengo likaendelea kusimama juu yake. Mbao zenyewe zilikuwa zimepangwa bandani kwa vijiti vya kuzitenganisha, upepo ukipita kati, na hapakuwa na mtu wa kuzigusa kabla mkuu wa karakana hajaridhika kwamba zimekauka hadi moyoni.

Kamati ilipokutana kuchagua namna ya kujenga roshani, niliwasilisha mchoro wa ndimi na kabari, mbao zikiwa wazi bila kufunikwa. Mkwe wangu aliwasilisha mchoro wa bolti na vyuma bapa. Aliutetea vizuri. Alisema bolti hupimwa kiwandani, nguvu yake ikajulikana kabla haijafika mkononi mwa fundi, ilhali tundu la patasi hutegemea mkono wa mtu siku hiyo, na mikono ya kuaminika ni michache. Hoja hiyo ni sahihi. Sikuipinga, wala sikuona aibu mchoro wangu ulipowekwa kando. Bolti si adui yangu. Nimefundisha vijana kuifunga bolti kwa miaka mingi kuliko nilivyowafundisha kuchonga ulimi.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa karani mstaafu, mtu wa kucheka sana na wa kumaliza mambo haraka. Yeye ndiye aliyekuwa mshenga wa ndoa ya binti yangu. Kwetu, nyanda za juu, mshenga hamalizi kazi siku ya harusi. Baba mkwe na mkwe hawaambiani makosa uso kwa uso. Lililo zito kati yao hupitia kwa mshenga, na anayeiruka njia hiyo huhesabiwa kuwa amemvunjia mwenzake heshima mbele ya ukoo mzima. Tumehamia Dar es Salaam, watoto wetu wanaongea Kiswahili cha mjini, lakini desturi hiyo hatujaiacha.

Roshani ilipokamilika, ilivalishwa jipsamu chini na ubavuni, ikapakwa rangi nyeupe, taa ndogo zikatumbukizwa ndani yake, na kitambaa cha zambarau kikaning'inizwa kwenye ukingo. Watu walisimama chini yake wakapiga picha. Siku hizi hapa mjini mtu akijenga, hata kama kuta bado zina mashimo, atatafuta jipsamu kwanza. Kila mmoja alisema imependeza, na ilikuwa imependeza. Ila haikuwezekana tena kwa mtu yeyote kuona hata bolti moja.

Masika yalipita, kipupwe kikapita, joto likaanza. Siku moja, baada ya ibada, alinisimamisha mwanakwaya mmoja, mama anayeuza vitenge kituoni.

“Shikamoo, mzee. Mie nikwambie kitu. Ile roshani siku hizi inalia.”

Nilimuuliza kama ameisikia mwenyewe au ameambiwa.

“Mzee naye! Nimesimama juu yake, nitaambiwa na nani tena? Sie tukianza kucheza, nayo inaitikia. Tunasemaga imejiunga na besi.”

Alicheka, na wenzake waliokuwa karibu wakacheka. Mimi sikucheka, wala sikumwamini. Mbao hulia kwa sababu nyingi, na nyingi kati ya hizo hazina madhara: ubao wa sakafu ukisugua msumari wake, hulia, ngazi ikikauka, hulia. Mtu anayesema amesikia sauti amesema ukweli kuhusu sikio lake, hajasema lolote kuhusu boriti. Nilitaka kuona.

Siku ya mazoezi nilifika kabla ya kwaya nikiwa na ufito wa msonobari. Niliukata ukasimama wima juu ya sakafu, chini kabisa ya boriti kuu ya mbele, ukiacha juu yake nafasi ndogo ambayo kadi ya mwaliko wa harusi ilipita bila kugusa. Kisha nikakaa kwenye benchi, kadi mkononi. Wanakwaya walipanda, wakakaa. Nikasimama juu ya benchi nikapitisha kadi: ikakwama kidogo. Hilo lilikuwa la kawaida. Boriti yoyote ikipewa mzigo hujipinda, na ikipunguziwa hurudi. Wakaanza kuimba.

Kwaya zetu hazisimami wima kama nguzo za umeme. Wimbo ukishika moto, mguu wa kulia unakwenda, wa kushoto unafuata, mabega yanainama, na watu wote hukanyaga kwa wakati mmoja. Mchoraji anayehesabu uzito wa watu waliokaa hajauhesabu uzito huo. Niliishika kadi juu ya ufito, na nikaihisi inabanwa, inaachiwa, inabanwa, inaachiwa, kwa mapigo yaleyale ya wimbo. Wimbo ulipofika kwenye kiitikio, sikuweza tena kuichomoa. Niliinua macho. Sikuona kitu zaidi ya jipsamu nyeupe na taa zake, safi kama shuka la hospitali. Juu yake, kwenye ukingo, niliona vidole vya binti yangu vikiwa vimeshika mbao za uzio huku akiimba.

Walipomaliza walishuka wote. Nilingoja hadi wa mwisho atoke nje, nikajaribu kuitoa kadi. Haikutoka. Boriti ilikuwa imeshuka na haikurudi.

Sikulala vizuri. Mke wangu, ambaye nilimweleza jambo lote, aliniuliza swali moja tu: nitamwambiaje mkwe bila kumvua nguo hadharani. Nikamjibu kwamba nitafuata njia. Asubuhi iliyofuata, Ijumaa, nikaenda nyumbani kwa mwenyekiti, yule mshenga.

Alinikaribisha barazani, akaagiza chai. Nilimweleza nilichokifanya na nilichokiona, nikamwomba mambo mawili: kwanza, afikishe neno kwa mkwe wangu kwa njia ya heshima, pili, kama mwenyekiti, aruhusu kipande cha jipsamu kikatwe ili bolti zionekane kabla ya Jumapili. Jumapili hiyo tulikuwa tunapokea kwaya za mitaa ya jirani, na wote walikuwa wamepangwa kupanda juu kuimba pamoja na kwaya yetu.

Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akatabasamu.

“Mzee mwenzangu, tangu lini ufito ukawa mhandisi?”

Nilimwambia ufito hauna cheo, ila hauna sababu ya kusema uongo.

Akaweka kikombe chini. Akasema rangi imepakwa upya juzi kwa ajili ya wageni, mapambo yameshafungwa, na kwamba akiikata dari leo watu watauliza kulikoni, na hofu ikishaingia kanisani haitoki. Tusubiri wageni waondoke, alisema, kisha tutaangalia kwa utulivu. Nikamuuliza kama boriti nayo imekubali kusubiri. Ndipo aliposhusha sauti.

“Nikwambie kama ndugu. Watu wanasema una kinyongo. Wanasema tangu tukatae ndimi zako za Kijapani, unaitafutia kasoro kazi ya kijana. Ukisimama sasa, watasema mzee anamwangusha mkwe wake kwa ajili ya mchoro.”

“Nani anasema?”

“Watu.”

“Nitajie mmoja niende nikamuulize.”

Akaniambia ninywe kwanza. Chai yangu ilipoa, nikaaga. Njiani nilitambua hali yangu ilivyokuwa. Njia ya desturi nilikuwa nimeifuata mpaka mwisho, na mwisho wake alikuwa mtu huyuhuyu aliyefunga mlango. Kama ningempigia mkwe simu, ningekuwa nimemkemea ana kwa ana na kumruka mshenga. Kama ningenyamaza, binti yangu angepanda Jumapili pamoja na watu wengi kuliko waliowahi kupanda pale, na wangekanyaga kwa pamoja.

Jumamosi mchana kulikuwa na mazoezi ya mwisho, wageni wakiwemo. Nilitangulia kufika. Ngazi ya roshani ni nyembamba, mtu mmoja kwa mmoja. Nikakaa kwenye kidato cha tatu, fimbo yangu nikailaza juu ya magoti kutoka ukuta hadi ukuta.

Walianza kufika makundi kwa makundi, wakanisalimu, wakasubiri nisimame. Sikusimama. Mwalimu wa kwaya akaniuliza kwa adabu kama sijisikii vizuri. Nikamwambia najisikia vizuri, ila leo hakuna atakayepanda mpaka aliyejenga aje afungue dari tuone. Minong'ono ikaanza. Kijana mmoja wa kwaya ya wageni akawauliza wenzake kama huyu mzee ndiye mlinzi. Yule mama wa vitenge akamjibu akae kimya, huyu mzee hata ukimwambia leo Jumamosi atataka aione kalenda. Wakacheka, kwa ule upole wa watu wasiojua kama wanaruhusiwa kucheka. Hakuna aliyejaribu kuivuka fimbo. Kwetu huwezi kumruka mzee, na mimi nilikuwa nimeukalia ukweli huo.

Binti yangu alikuwa wa mwisho kufika. Alinitazama, akaitazama fimbo, akaelewa kabla hajaambiwa. Alichukua simu, akasogea pembeni, akazungumza kwa sauti ya chini. Nilimwona akisikiliza muda mrefu kuliko alivyosema. Mwenyekiti naye alikuwa ameitwa. Alifika akiwa na haraka, akasimama katikati ya kanisa akawatuliza watu, akisema ni ishu ndogo ya kifamilia. Neno hilo la kifamilia liliniuma kuliko kucheka kwa vijana.

Mkwe wangu alifika kutoka Keko akiwa na vumbi la mbao kwenye nyusi. Alikuwa amepita njia ndefu, Ubungo kukiwa na foleni, na hasira yake ilikuwa imepata muda wa kukomaa. Hata hivyo alisimama chini ya ngazi, akainama kidogo.

“Shikamoo, Baba.”

“Marahaba.”

Yeye alimtazama mwenyekiti, akingoja mshenga aseme. Mwenyekiti akaangalia kitambaa cha zambarau. Basi mkwe wangu akanigeuzia uso.

“Baba, ni kweli ulipima kazi yangu wakati sipo?”

“Ni kweli.”

“Na ukaenda kwa mshenga ukasema imeharibika?”

“Sikusema imeharibika. Nilisema imeshuka na haikurudi. Kilichomo ndani sijakiona, na wewe hujakiona tangu dari ipigwe. Hatujui, mimi wala wewe.”

“Bolti nilizikaza kwa mkono wangu. Hakuna iliyobaki.”

“Nakuamini. Ulizikaza kwenye mbao mbichi.”

Hilo alilijua. Mwenye karakana hahitaji kuelezwa. Kamati ilikuwa imemharakisha. Mkongo ule, mti wa boriti zile, ulishuka kwenye lori ukiwa bado mzito kwa maji, na ulifungwa bila kusubiriwa. Mti mbichi ukikauka hunywea. Bolti hainywei. Nati iliyokazwa hadi ikalia inabaki palepale ilipo, huku mbao ikijivuta nyuma yake taratibu.

“Hata ndimi zako, Baba,” alisema, “kwa mbao hii zingelegea vilevile.”

“Zingelegea. Lakini ungeziona zikilegea, ukachukua nyundo ukapiga kabari. Nati hizi nani atazikaza, na tumezipigia dari?”

Mwenyekiti aliingilia kati, akasema kwa sauti ya kikao kwamba tumeshaelewana, mazoezi yafanyike chini leo, na kesho wapande wachache tu, wasicheze. Watu wengine waliguna kukubali. Nilihisi mambo yananiponyoka, kwa kuwa suluhisho la nusu ndilo hupendwa na kila mtu. Wachache wasiocheza: nani angewazuia kucheza wimbo ukishapamba moto?

Ndipo binti yangu aliposogea akasimama kati yetu, mgongo wake kwa mwenyekiti. Hakumtazama mumewe wala mimi.

“Nyie mnabishana kuhusu kazi ya nani,” alisema. “Mimi ndiye ninayesimama pale mbele. Sipandi kwa neno la Baba, na sipandi kwa neno lako, mume wangu. Fungueni, niangalie mwenyewe.”

Nimeishi na mtoto huyu tangu azaliwe, na sikuwahi kujua kwamba alinirithi hilo.

Mkwe wangu alivua koti, akaenda kwenye gari, akarudi na ngazi ya aluminiamu, kisu na spana. Mwenyekiti alisema neno kuhusu rangi. Kisu kiliingia kwenye jipsamu karibu na nguzo ya kulia, kikashuka, kikakata pembeni, na kipande kikaanguka sakafuni kikavunjika kwa wingu jeupe. Waliokuwa karibu walirudi nyuma. Yeye aliingiza mkono ndani bila spana. Nilikuwa nimesimama chini kabisa ya ngazi yake, na niliuona mkono huo ukizunguka. Aliizungusha nati kwa vidole viwili, kama mtu anayefungua chupa ya maji. Akaenda ya pili. Ikazunguka. Ya tatu ilimtoka kabisa, ikaanguka, ikabingirika kwenye vigae hadi chini ya benchi, na kila mtu aliifuata kwa masikio.

Kisha akawasha taa ya simu akaangaza ndani zaidi, akisogeza mwanga polepole kufuata boriti. Akashuka, akanipa simu.

“Baba, panda uone.”

Mke wangu angekuwepo angenikataza. Nilipanda polepole, yeye akiishika ngazi kwa mikono miwili na bega. Ndani, mahali chuma bapa kilipoishika boriti kwa safu mbili za bolti, mti ulikuwa umetaka kunywea, chuma kikaukatalia, nao ukapasuka. Ufa ulipita kutoka bolti hadi bolti kama mshono uliofumuka, ukaendelea mbele kuliko mwanga wa simu ulivyofika. Niliingiza ukucha wa kidole gumba, uliingia wote. Uzito wa watu wale ulikuwa umening'inia kwenye mti uliobaki chini ya ufa, mti usio mnene kuliko kiganja changu.

Nilishuka, nikampisha binti yangu. Alipanda, akaangalia, akashuka. Alikwenda kukaa kwenye benchi akauficha uso kwa mtandio wake, na yule mama wa vitenge akakaa naye, akimpapasa mgongo.

Jumapili kwaya zote ziliimba chini, zikiwa zimejazana mbele ya madhabahu, na roshani ilizungushiwa kamba. Wageni waliliona tundu la dari. Hakuna hofu iliyoingia kanisani. Waliuliza, wakaelezwa, wakala pilau.

Shida ilikuja baadaye. Kamati ilikutana, na mwenyekiti, ambaye sasa alikuwa amebadili upande kwa wepesi, alitaka niseme mbele ya wote kwamba fundi alizembea, ili kazi ya kurekebisha apewe mwingine. Alisema kila mtu anajua. Mkwe wangu alikuwa amekaa kona, mikono magotini, akingoja hukumu kutoka kwa mtu ambaye kwa desturi hakupaswa hata kumkosoa. Nilisimama nikasema nilichokijua, na si zaidi. Kwamba bolti zilikuwa za kipimo kilichochorwa. Kwamba mbao zililetwa mbichi kwa sababu kikao hikihiki kilikataa kusubiri. Kwamba dari ilipigwa kwa uamuzi wa kikao hikihiki, nami nilikuwa ndani yake. Kama yupo aliyemwona fundi akiacha nati bila kuikaza, asimame aseme aliiona siku gani. Hakusimama mtu. Kazi ikabaki kwake.

Tuliifanya pamoja. Alizipachikia boriti mihimili ya muda, akatafuta mkongo mkavu uliotoka kwenye ghala lililobomolewa, mti uliokwisha kunywea kiasi chote ulichotaka kunywea. Kwenye kila nguzo nilichonga bega la kukalia boriti, na tundu, yeye akichonga ulimi wa boriti kwa mashine na mimi nikiumalizia kwa patasi, hadi uzito wote ukakaa juu ya mti. Kisha, kwa shauri lake, tukarudisha vyuma, ila safari hii matundu ya bolti tuliyafanya marefu kama matundu ya vifungo, ili mti ukitaka kusogea kidogo usizuiwe mpaka upasuke. Kule nilikosoma wangeipinga kazi ile kwa kuwa na chuma kingi. Karakana za Keko zingeicheka kwa kuwa na patasi nyingi. Nilijaribu kutafuta kasoro yake, sikuipata. Jipsamu hatukuirudisha. Tulipiga mbao nyembamba zinazofunguka kwa skrubu, na kazi ya kuzifungua kila kiangazi na kukagua nati aliichukua yeye.

Wakati wa kazi hatukuzungumza sana. Alikuwa akiniuliza swali nami namjibu, au kinyume chake. Siku moja tu, tukiwa tumeinamia kiungo kimoja, alisema kwamba angetamani ningempigia simu tangu siku ile ya kwanza. Nikamwambia kwamba nami ningetamani. Mambo ya mshenga hatukuyataja tena.

Siku ya kufungua roshani kwa mara ya pili, kwaya ilikusanyika chini ya ngazi, na hakuna aliyetangulia. Walikuwa wanatazamana, wakisukumana kwa mizaha, kila mmoja akimpa mwenzake nafasi ambayo mwenzake hakuitaka. Binti yangu alikuja mbele akasimama karibu nami.

“Baba, nipande?”

Nilikuwa nimeipima roshani ile kwa kila namna niliyofundishwa, na jibu nilikuwa nalo. Lakini nilimwona mumewe amesimama nyuma yake, spana bado mfukoni, akitazama sakafu.

“Muulize aliyejenga,” nikamwambia.

Akageuka, akamuuliza. Mkwe wangu alipita mbele yake, akapanda ngazi hadi juu, akaenda mpaka ukingoni mahali anaposimama mkewe, akakanyaga kwa nguvu zake zote, mguu wa kulia, wa kushoto, wa kulia tena, kama mwanakwaya asiyejua kucheza. Watu walicheka. Roshani haikutoa sauti yoyote. Kisha akainama juu ya uzio, akamnyooshea mkewe mkono, naye akapanda.